Alick Glennie na Jiwe la Shinkolobwe

Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp, mtafuta madini wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, alifika kwenye kilima cha Shinkolobwe huko Katanga, Kongo, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka mji tunaouita leo Likasi. Aliokota pale mawe mazito yenye rangi kali ambayo hayakuwa shaba. Yalikuwa na uranium. Élisabethville, yaani Lubumbashi yetu, ilikuwa na umri wa miaka mitano tu. Reli kutoka Rhodesia ilikuwa imefika mwaka 1910, na tanuru la kuyeyushia shaba lilikuwa limewashwa mwaka uliofuata. Uranium yenyewe haikuwa na soko la maana. Kilichotafutwa ndani yake ni radium, iliyouzwa kwa bei ya ajabu kwa hospitali za Ulaya na Marekani.

Mwaka 1952 Mwingereza mwingine, Alick Glennie, alikamilisha kazi yake katika Chuo Kikuu cha Manchester. Alikuwa ameifundisha kompyuta kupokea maagizo yaliyoandikwa kwa namna ambayo binadamu anaweza kuyasoma, kisha kuyageuza yenyewe kuwa lugha ya mashine. Programu ya namna hiyo ndiyo huitwa kompaila, na kila anayeandika programu leo, awe Nairobi, Dar es Salaam au Lubumbashi, huitegemea au hutegemea ndugu zake.

Sharp na Glennie husimuliwa katika vitabu tofauti, kimoja cha madini na kingine cha hesabu. Lakini Glennie hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa mtumishi wa serikali katika idara iliyotengeneza bomu la atomiki la Uingereza, na sehemu kubwa ya uranium ya Uingereza miaka ile ilitoka Katanga. Anayetaka kuijua kazi yake vizuri hana budi kuanzia kwenye mgodi.

Mgodi na vita

Uchimbaji Shinkolobwe ulianza mwaka 1921. Mawe yalichaguliwa kwa mkono, yakatiwa magunia, yakasafirishwa hadi Olen huko Ubelgiji kukamuliwa radium. Mwaka 1937 biashara hiyo ilikuwa imefifia, mgodi ukafungwa, maji yakajaa ndani.

Mwishoni mwa 1938 wanasayansi wa Ujerumani waligundua kwamba kiini cha uranium kinaweza kupasuka, na miezi michache baadaye mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa London. Huko Henry Tizard, mshauri wa sayansi wa serikali ya Uingereza, alimwonya kwamba ana mali inayoweza kuleta maafa kama ingeangukia mikononi mwa adui. Sengier alilishika neno hilo. Mwaka 1940 aliagiza zaidi ya tani 1,000 za mawe yaliyokwisha kuchimbwa zipelekwe New York, zikawekwa kwenye ghala la Staten Island. Zilikaa pale hadi Septemba 1942, afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alipokuja kuzinunua kwa ajili ya Mradi wa Manhattan. Mawe yale yalikuwa na oksaidi ya uranium kiasi cha asilimia 65, wakati migodi ya Amerika ilihesabu utajiri wake kwa sehemu ndogo ya asilimia moja. Hakukuwa na mfano wake duniani.

Mahitaji yalipozidi, wahandisi wa jeshi la Marekani walisaidia kuyatoa maji na kuufungua mgodi upya. Mzigo ulipanda treni hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ukashuka kwa mito ya Kasai na Kongo hadi Léopoldville, kisha reli tena hadi bandari ya Matadi. Wapakiaji, wachukuzi na wachimbaji hawakuambiwa ni kitu gani wanakibeba wala kinakwenda kufanya nini.

Mawe ya mwanzo yakiwa bado ghalani Staten Island, wafanyakazi wa Union Minière mjini Élisabethville waligoma wakidai nyongeza ya mishahara, kwa kuwa vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu. Tarehe 9 Desemba 1941 askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika kwenye uwanja wa michezo. Makumi ya watu waliuawa, akiwemo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Vita vilipokwisha, Sengier alivishwa nishani ya heshima na serikali ya Marekani. Wafiwa wa Élisabethville walibaki na makaburi.

Uingereza yafungiwa mlango

Juni 1944 Roosevelt na Churchill waliunda chombo cha pamoja cha kuhodhi uranium ya dunia, na Septemba mwaka huo Ubelgiji ilikubali kuwauzia ile ya Kongo. Lakini Agosti 1946 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya McMahon iliyokataza kumpa mgeni yeyote siri za atomiki, hata Waingereza walioshiriki kazi hiyo tangu mwanzo. Januari 1947 Waziri Mkuu Clement Attlee, akiwa na mawaziri wachache tu, aliamua kwamba Uingereza itengeneze bomu lake yenyewe.

Siri za Wamarekani zilifungwa, ila mawe yaligawanywa. Kwa makubaliano ya mwaka 1946 Uingereza ilipata fungu lake la uranium ya Kongo. Kiwanda cha Springfields karibu na Preston kiliisafisha, na tanuri za nyuklia za Windscale zikaitumia kuzalisha plutonium. Kazi nzima iliwekwa chini ya Wizara ya Ugavi, na bomu lenyewe akakabidhiwa mwanahisabati William Penney, aliyeanzia ngome ya Fort Halstead huko Kent, kisha akahamia Aldermaston.

Bomu la namna hii lina hesabu nyingi kuliko chuma. Lazima ijulikane jinsi wimbi la mlipuko linavyosafiri ndani ya metali, sekunde ikigawanywa vipande milioni, na kila kipande kihesabiwe upya. Wamarekani walikuwa na mashine za hesabu na vikosi vya wakokotozi. Penney alikuwa na vijana wachache na mashine za mkono. Mmoja wa vijana hao alikuwa Alick Glennie, aliyezaliwa mwaka 1925.

Mashine ya Manchester

Wakati huohuo, Chuo Kikuu cha Manchester kilikuwa kimefanya jambo ambalo halijafanywa popote. Tarehe 21 Juni 1948 Frederic Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill waliwasha mashine ndogo iliyohifadhi programu yake ndani ya kumbukumbu ya kielektroniki. Programu ya kwanza ilikuwa na maagizo 17. Ilitafuta kigawanyo kikubwa kuliko vyote cha namba 262,144, ukiiacha namba yenyewe, ikachukua dakika 52, ikatoa jibu sahihi: 131,072.

Miezi minne baadaye Ben Lockspeiser, mwanasayansi mkuu wa Wizara ya Ugavi, aliiona mashine hiyo, akaiandikia kampuni ya Ferranti ijenge nyingine kamili kwa kufuata maelekezo ya Profesa Williams. Si haki kudai kwamba kompyuta ya Manchester ilibuniwa kwa ajili ya bomu. Walioibuni walikuwa wahandisi wa rada na wanahisabati waliokuwa na shauku zao wenyewe. Lakini aliyelipa ni wizara ileile iliyonunua uranium ya Katanga, na mlipaji hakukosa zamu yake kwenye mashine.

Ferranti Mark 1 ilifika chuoni Februari 1951. Ilikuwa na valvu zipatazo 4,000, kama zile za redio za zamani, na ilisomeshwa kwa utepe wa karatasi wenye matundu. Mwandishi wa kitabu cha maelekezo yake alikuwa Alan Turing, aliyehamia Manchester mwaka 1948. Turing alikuwa na akili ya kupasua mwamba, lakini hakuwahurumia wenye akili za kawaida. Aliamua kwamba kila mtumiaji azoee kuhesabu kwa thelathini na mbili badala ya kumi, kila tarakimu ikiwakilishwa na alama moja ya mashine ya kupigia chapa. Sifuri ilikuwa mkwaju, moja ilikuwa E, mbili ilikuwa @, tatu ilikuwa A. Tena tarakimu ndogo iliandikwa kwanza, kushoto. Namba 10 ikawa R///, na 33 ikawa EE//. Kurasa nzima za programu zilijaa mikwaju, na anayekosea alama moja kati ya elfu angeweza kukesha akiitafuta.

Wengine waliizoea, wakaifanyia hata mzaha. Christopher Strachey aliifanya mashine hiyo icheze drafti, na kipaza sauti chake kilipigishwa wimbo wa taifa wa Uingereza. Lakini kwa mtu aliyetumwa kutoka Fort Halstead na furushi la milinganyo ya haraka, mzaha haukuwa na nafasi.

Autocode

Glennie alianza kuitumia Mark 1 mwaka 1951. Hakuwa mwenyeji wa chuo. Alikuja, akafanya hesabu zake, akaondoka, na hesabu zenyewe hakuruhusiwa kumweleza mtu. Alichoweza kukizungumza ni kero ya uandishi. Aliona kwamba muda mwingi wa mtaalamu hauliwi na hesabu bali na kazi ya ukarani: kukumbuka kila namba imewekwa wapi kwenye kumbukumbu, kuandika alama zake bila kukosea, na kuanza upya kila kitu kidogo kinapohama. Kazi ya ukarani, alisema moyoni kila mwenye busara, ndiyo mashine iliyoumbiwa. Tofauti ya Glennie ni kwamba aliketi akaifanya.

Kufikia Septemba 1952 mfumo wake, alioupa jina la Autocode, ulikuwa ukifanya kazi. Mtumiaji aliweza kuandika +5→c, na mashine ikaelewa kwamba tano iwekwe mahali panapoitwa c. Aliweza kujumlisha, kutoa na kupima kama namba ni chini ya sifuri kwa kutumia herufi alizozichagua mwenyewe, na Autocode ikatoa maagizo ya mashine yaliyo kamili. Haukuwa uhuru wote. Mwanzoni mwa programu ilikuwa lazima bado kutaja kila herufi inakaa wapi, kwa mfano c@VA, na anwani hizo zilikuwa zilezile za mfumo wa Turing. Hata hivyo hatua kubwa ilikuwa imepigwa: mtu aliandika nia yake, mashine ikajiandikia kazi yake.

Februari 1953 alikwenda Cambridge kuieleza kazi hiyo mbele ya wataalamu. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ili kompyuta iwafae watu wengi, uandishi wa programu lazima uwe rahisi kueleweka, na njia ya kuurahisisha ni kuipa mashine yenyewe mzigo wa kutafsiri. Kwa wale waliohofu kwamba urahisi huo ungekuwa ghali, aliwaambia kwamba programu zilizotungwa na Autocode hazikuzidi zile za mkono kwa zaidi ya asilimia kumi hivi ya nafasi.

Hawakushawishika. Waliokwisha kuumudu mfumo wa mikwaju waliuona kuwa alama ya ufundi, na fundi hapendi kuambiwa kwamba ufundi wake unaweza kufanywa na chombo chake. Hata Manchester kwenyewe Autocode ya Glennie haikupata wafuasi. Mwaka 1954 Tony Brooker, mfanyakazi wa chuo, alitoa Autocode nyingine iliyokuwa rahisi zaidi na isiyomlazimisha mtumiaji kuijua mashine, nayo ndiyo iliyopendwa na wengi. Ng'ambo ya bahari Grace Hopper alikuwa na mfumo wake wa A-0 tangu 1952, na mwaka 1957 IBM ilitoa Fortran. Jina la Glennie likazama.

Alasiri moja na Turing

Jina hilo lilibaki hai mahali pamoja pasipotarajiwa, katika mchezo wa sataranji. Turing alikuwa ametunga, pamoja na rafiki yake David Champernowne, kanuni za kuiwezesha mashine kucheza sataranji. Hakukuwa na kompyuta yenye uwezo wa kuziendesha, hivyo yeye mwenyewe akawa ndiyo mashine. Mwaka 1952, ofisini kwake Manchester, alimwomba Glennie akae upande wa pili wa ubao.

Glennie hakuwa mchezaji hodari, na ndiyo maana alifaa. Kila zamu ya "mashine" ilipofika, Turing alishika karatasi zake, akahesabu thamani ya kila hatua inayowezekana, kisha akasogeza kete iliyoamuliwa na hesabu, hata pale ambapo yeye mwenyewe aliona ni upuuzi. Hakujiruhusu kuisaidia. Glennie alishinda katika hatua ya 29, baada ya malkia wa mpinzani kunaswa. Mchezo huo uliandikwa hatua kwa hatua, na leo unatajwa kama wa kwanza kati ya binadamu na programu ya kompyuta.

Mwaka huohuo Turing alikuwa ameshapatikana na hatia mahakamani kwa uhusiano wake na mwanamume, jambo lililokuwa kosa la jinai Uingereza, akalazimishwa kutumia homoni badala ya kwenda jela. Alifariki tarehe 7 Juni 1954 kwa sumu ya sayanidi, akiwa na miaka 41. Msamaha wa kifalme ulitolewa Desemba 2013.

Kuhusu bomu lenyewe: tarehe 3 Oktoba 1952, wiki chache baada ya Autocode kuanza kazi, bomu la kwanza la Uingereza lililipuliwa kwenye visiwa vya Monte Bello, Australia.

Siri moja, pande mbili zilizofichwa

Glennie aliendelea na utumishi wake Aldermaston, ambako kompyuta zilizidi kuongezeka. Mwaka 1960, akiwa Carnegie Institute of Technology huko Pittsburgh, aliandika ripoti juu ya namna ya kujenga kompaila inayoweza kuelekezwa kwa lugha yoyote. Kwa umma alikuwa hajulikani. Kazi zake nyingi zilibaki ndani ya majalada ya idara iliyohesabu mabomu, na mtu hatafuti asichojua kwamba kipo.

Aliyemtoa gizani ni msomi mwenzake. Katikati ya miaka ya 1970 Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, akishirikiana na Luis Trabb Pardo, alipitia historia ya lugha za kompyuta kabla ya Fortran. Walisoma hati za zamani na barua za Glennie mwenyewe, wakapima kila mfumo kwa mizani ileile, wakahitimisha kwamba kompaila ya kweli ya kwanza iliyotengenezwa na kutumiwa ilikuwa ni Autocode yake. Glennie alikuwa bado hai. Alifariki mwaka 2003.

Upande wa Katanga siri ilikuwa ngumu zaidi. Baada ya vita Shinkolobwe iliwekewa ulinzi mkali, na mwaka 1960, Kongo ikiukaribia uhuru, mgodi ulifungwa na mashimo yake kuzibwa kwa saruji. Miaka ya 1990, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipoporomoka, wachimbaji wa mkono walirudi kilimani hapo kutafuta kobalti. Januari 2004 serikali ilitoa amri ya kupiga marufuku uchimbaji huo. Julai mwaka huohuo shimo liliporomoka na kuua watu wasiopungua wanane. Kobalti waliyoifuata, kama ile inayochimbwa leo Kolwezi, huishia ndani ya betri za simu na kompyuta. Kwa hiyo Katanga imeingia katika historia ya kompyuta mara mbili, na mara zote mbili kwa mlango wa nyuma.

Kuna wanaosema kwamba jiwe ni jiwe tu, sifa ni ya aliyefikiri. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Ubunifu wa Autocode ni wa Glennie, na hakuna mchimbaji anayepaswa kugawiwa sifa hiyo. Lakini haraka iliyomleta Manchester, fedha zilizomweka pale na kazi aliyotumwa kuifanya vilitokana na mpango uliosimama juu ya mawe yaliyobebwa na watu wenye majina. Siri iliyomfunika yeye ndiyo iliyowafunika wao. Yeye alipata wa kumfunua, kwa kuwa aliacha karatasi. Wao hawakuachiwa nafasi ya kuandika.

Kazi ya kuwafunua imeanza, ingawa si kwa jina la kompyuta. Kuanzia mwaka 2000 mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walikusanya, katika mradi wa Mémoires de Lubumbashi, masimulizi ya wafanyakazi wa zamani wa Union Minière na familia zao. Hati za kampuni yenyewe nyingi ziko Brussels. Wazee waliopakia magunia ya Shinkolobwe wamekwisha karibu wote, lakini watoto wao wapo Likasi, Kolwezi na hapa Lubumbashi.

Wapo walimu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi na katika chuo cha kompyuta cha ESIS Salama. Somo la kompaila likiwa na kipande cha historia, ni rahisi kipande hicho kuanzia Marekani na Fortran. Kianzie Shinkolobwe. Mwanafunzi apewe Autocode aisome, kisha atumwe kwa mzee mmoja wa familia ya mchimbaji akiwa na daftari, aandike jina, kijiji alikotoka na kazi aliyoifanya. Glennie amekwisha pata haki yake. Waliobaki wanadaiwa na sisi.